Drili ya Chaji: Namba za Kwenye Boksi na Zege la Juu ya Dirisha

Jumamosi moja jirani yangu alinigongea mlango, drili mpya ya chaji mkononi na boksi lake kwapani. Boksi limeandikwa 128V kwa herufi nyekundu zinazosomeka toka ng'ambo ya barabara. Alikuwa anafunga mabomba ya pazia sebuleni, na baada ya dakika kama kumi za kusukuma kwa bega, alichoambulia ni kidoa cheupe juu ya dirisha, kina chake hakizidi punje ya mchele. Ncha ya biti, kile kijiti cha chuma cha kutobolea, ilishageuka bluu.

"Kaka, hapa nimepigwa," akasema. "Volti mia na ishirini na nane, inashindwa na ukuta?"

Nikamwambia twende tukaone. Drili haikuwa mbovu. Ila ile namba haikuwa kipimo cha nguvu, na pale alipokuwa anatoboa hapakuwa ukuta. Mkanganyiko huu nimeukuta kwa watu wengi tangu drili hizi zilipojaa madukani na kwenye magrupu ya WhatsApp ya wauza vifaa, kila wiki na namba kubwa kuliko ya wiki iliyopita: 36, 48, 88, 128. Kwa hiyo tuanze na jina lenyewe, maana hata jina linachanganya.

Mashine nne, jina moja

Ukifika dukani ukasema "nataka drili ya chaji," unaweza kupewa chochote kati ya vitu vinne, na kwa mbali vyote vinafanana na bastola.

Ya kwanza inazungusha tu. Mbele ina mdomo wa taya tatu unaoubana kwa mkono, na nyuma ya mdomo kuna pete yenye namba, 1 mpaka 18 au 20 hivi. Inatoboa mbao, bati na plastiki, na inafunga skrubu. Kwa fundi wa samani au wa dari za jipsamu, hii inamtosha mwaka mzima.

Ya pili ni hiyohiyo, ila kwenye pete imeongezwa alama ndogo ya nyundo. Ndani yake kuna visahani viwili vya chuma vyenye meno. Ukiiweka kwenye nyundo visahani vinagusana, na kila jino likiruka lenzake biti inapigwa mbele kidogo. Pigo moja ni dogo sana, kama mtu anayebisha hodi kwa ukucha, ila linarudiwa maelfu kwa maelfu ya mara kwa dakika. Kwa tofali la kuchoma, tofali la saruji na plasta, linatosha kabisa. Sharti ni moja: lazima usukume, kwa sababu usiposukuma meno hayashikani na nyundo haipo.

Ya tatu ni impakti. Ni fupi, haina taya, mbele ina tundu la pembe sita la robo inchi la kuchomeka biti. Hii ndiyo inayodanganya watu zaidi, kwa sababu ya kelele. Ikikutana na kitu kigumu inalia ta-ta-ta-ta, na mnunuzi anaamini sasa hii ndiyo ya ukuta. Sivyo. Impakti haipigi kwenda mbele, inapiga kwa kuzunguka. Umewahi kumwona fundi wa tairi akikutana na nati iliyoshika kutu, akaweka spana, kisha akaigonga spana mkiani kwa nyundo? Impakti inafanya hivyohivyo, ila mara elfu kadhaa kwa dakika. Ndiyo maana kwa skrubu ndefu za mbao, au zile skrubu zenye mpira za kufungia bati za msauzi, haina mpinzani, na hata mkono wako haupindwi. Kwenye zege itakutolea jasho bure.

Ya nne ni mashine ya nyundo. Zamani ilikuwa ya waya tu, siku hizi ipo ya chaji pia. Ndani kuna pistoni inayobana hewa, hewa inarusha kinyundo, kinyundo kinapiga mkia wa biti. Ni mchi na kinu. Pigo ni zito na linatoka kwenye mashine yenyewe, bega lako halihusiki, wewe unaishika tu isiyumbe. Biti zake zina mkia wenye vijia vya kufungia, na mara nyingi zimeandikwa SDS. Usizilazimishe kwenye taya za drili ya kawaida.

Jirani yangu alikuwa na ile ya pili.

Juu ya dirisha kuna nini?

Nyumba nyingi za tofali za saruji kwetu hujengwa hivi: tofali zinapanda mpaka usawa wa juu ya madirisha, halafu unamwagwa mkanda wa zege wenye nondo kuzunguka nyumba. Hiyo ndiyo linta, inayobeba tofali zote zilizo juu ya uwazi wa mlango na dirisha. Ukishapiga plasta na rangi, huoni tena tofali liliishia wapi na zege lilianzia wapi. Lakini kwa biti tofauti ni kubwa. Tofali ni mchanga mwingi uliogandishwa kwa saruji kidogo, biti inaingia kama kwenye mkate mkavu. Linta ina kokoto ngumu na chuma.

Na bomba la pazia linafungwa wapi? Juu ya dirisha. Yaani kazi ya kwanza ambayo wengi wetu tunanunulia drili ndiyo ngumu kuliko zote ndani ya nyumba. Malalamiko mengi ya "drili feki" ninayoyasikia, ukimhoji mtu vizuri, yanaanzia kwenye linta.

Unajuaje uko wapi? Tazama unga unaotoka. Mweupe ni plasta ya juu na rangi. Wa kijivu, wenye chembechembe, unaomiminika haraka, ni tofali. Biti ikisimama ghafla, sauti ikawa kali na unga ukawa mdogo na laini kama poda, umegonga kokoto. Zikitoka chembe zinazong'aa, hiyo ni nondo: acha, sogeza tundu sentimita mbili au tatu.

Sasa ile bluu. Ndani ya boksi lake kulikuwa na biti kama ishirini, zote zinafanana kwa mtu asiyezizoea, naye alichukua ya kutobolea chuma. Zitazame karibu. Biti ya ukuta ina kipande kidogo cha kabaidi, kitu kigumu kuliko chuma, kilichopachikwa kwenye ncha, kipana kuliko shina lake, kama kichwa cha mshale. Biti ya chuma ncha yake imechongwa kwenye shina lenyewe, haina kilichopachikwa. Ya mbao ina kijisindano katikati cha kuishikilia isitembee. Ukiipeleka ya chuma kwenye zege makali yanakufa ndani ya sekunde chache, na kinachobaki ni msuguano na moto. Rangi ya bluu maana yake chuma kimepata joto kali, na joto hilo linaweza kuula ugumu wake. Hapo hata ukiinoa huenda isiwe ile.

Drili yenye nyundo inaweza kutoboa zege tundu dogo, la milimita 6 tuseme, ukiwa na biti mpya ya ukuta na subira: unatoboa kidogo, unaichomoa ikiwa inazunguka ili unga utoke, unaipumzisha, unarudi. Kwa tundu moja la picha ya ukutani ni sawa. Jirani yangu alikuwa na madirisha manne, kila moja mabano matatu, kila bano skrubu mbili. Matundu 24 kwenye linta. Hapo unaazima au kukodi mashine ya nyundo, huo si ushindani.

128 ya nini?

Chukua tenki la maji lililo juu ya mnara. Kimo cha mnara ndicho kinachoamua maji yatakuja kwa kasi gani bombani: hizo ndizo volti. Ukubwa wa tenki ndio unaoamua utaoga mara ngapi kabla halijakauka: hizo ni ampea-saa, zinazoandikwa Ah. Ukizidisha volti kwa ampea-saa unapata wati-saa, Wh, ambazo ndizo akiba halisi ya betri. Betri ya volti 18 na 2Ah ina 36Wh.

Betri ya drili imejaa seli ndogo za lithiamu, na zile zinazotumika zaidi zina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Kila seli ina wastani wa volti 3.6, ikijaa kabisa inafika 4.2. Panga tano kwa mfululizo: kwa wastani unapata 18, zikijaa 21. Kwa hiyo drili ya 18V, ya 20V na ya 21V ni mnara uleule wa seli tano, kila muuzaji amepima saa yake. Marekani wanapenda kuandika 20, Ulaya 18. Zile ndogo za 12V zina seli tatu.

Na 128? Tuligeuza chaja yake, tukasoma kibandiko cha nyuma kwa tochi ya simu. OUTPUT: 21V. Chaja haiwezi kujaza betri ya volti 128 kwa kusukuma volti 21, kama ambavyo huwezi kupandisha maji kwenye mnara wa ghorofa sita kwa pampu inayofika ghorofa ya kwanza. Ile 128 ni jina tu, kama namba ya mgongoni mwa mchezaji. Ukienda dukani usibishane na muuzaji kuhusu boksi, mwombe chaja uisome. Ikiandikwa 21V ni seli tano. Ikiandikwa 12.6V ni seli tatu, hata kama boksi linapiga kelele 36.

Ah nazo zinadanganywa. Seli moja ya ukubwa ule, hata iliyo bora, hubeba kama 3.5Ah. Betri nyembamba yenye safu moja ya seli tano, iliyoandikwa 6Ah au 8Ah, inadai kubeba isichoweza. Ili ufike 4 au 5Ah kwa seli hizo unahitaji safu mbili, na hapo betri inakuwa nene na nzito mkononi. Uzito hausemi uongo sana.

Namba inayostahili kutafutwa ni ya msuli wa kuzungusha, inayoandikwa Nm. Nm 50 ni kama kuning'iniza kilo tano kwenye ncha ya bomba la mita moja lililofungwa kwenye skrubu. Kwa kazi za nyumbani, drili ya Nm 30 hadi 60 inatosha. Ukikuta boksi halina Nm kabisa ila lina volti kubwa, umeshajua linataka uangalie wapi.

Kwa wanaoletewa na ndugu, mambo mawili. Chaja iliyonunuliwa Marekani nyingi ni za volti 120 tu, na umeme wetu ni 230. Ukiichomeka inakufa siku hiyohiyo, wakati mwingine na moshi. Soma palipoandikwa INPUT, kama ni 100-240V iko salama. Anayekuja nayo kwa ndege kutoka Dubai au Muscat, betri za akiba zinakaa kwenye begi la mkononi, haziingii kwenye mzigo wa chini, na mpaka wa kawaida wa mashirika ya ndege ni 100Wh kwa betri moja. Ya 18V na 5Ah ni 90Wh, inapita. Ya 6Ah ni 108Wh, hiyo inahitaji ruhusa ya shirika.

Ile pete yenye namba

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu na watu, kwa sababu karibu kila mtu anaamini pete ile ni ya kasi. Kasi iko kwenye kidole chako: ukibonyeza kidogo inazunguka polepole, ukibonyeza mpaka mwisho inakimbia. Swichi ya juu yenye 1 na 2 ni gia. Gia 1 ni kama ya pikipiki inayopanda mlima na abiria wawili, taratibu lakini ina msuli, na ndiyo ya kufungia skrubu na kutobolea matundu makubwa. Gia 2 ni ya tambarare, kwa matundu madogo. Badilisha gia mashine ikiwa imesimama. Ukibadilisha inazunguka utasikia meno yakilia, na hayo meno hayauzwi mtaani.

Pete yenyewe ni klachi. Inaiambia drili: ukifika kiasi hiki cha kukaza, achia. Ikifika inalia krrr-krrr na mdomo unasimama ingawa mota bado inazunguka. Watu wengi wakisikia krrr wanadhani imeharibika, wanaipeleka moja kwa moja kwenye alama ya biti, ambako klachi imefungwa na hakuna kuachia. Hapo ndipo skrubu zinapokatwa vichwa.

Niliwahi kusimama chini ya dari ya jipsamu iliyofungwa na kijana aliyekuwa na haraka, drili ikiwa kwenye alama ya biti muda wote. Ubao wa jipsamu ni jasi laini iliyofunikwa karatasi pande mbili, na karatasi ndiyo inayobeba uzito. Kichwa cha skrubu kinatakiwa kizame kidogo, karatasi ibonyee bila kuchanika. Kijana alikuwa amezitoboza karibu zote. Ukitazama kwa chini uliona vishimo vyenye kingo zilizochanika, vimefunikwa kwa plasta vizuri, na katikati dari imeanza kuachia kama tumbo. Klachi kwenye 4 au 5 ingemwambia aache.

Namba sahihi haiandikwi popote. Anza chini, 3 tuseme, kwenye kipande cha mbao ambacho hutakitumia. Ikilia krrr kabla skrubu haijakaa, panda namba moja, jaribu tena. Mbao laini ya paini itataka ndogo, mninga utataka kubwa. Kwa mninga na mkongo toboa kwanza tundu jembamba kuliko skrubu. Mbao hizo hazisamehi: skrubu nyembamba inaingia nusu, inapata moto, inakatika, na kuichomoa ni kazi ya mchana mzima.

Kuhusu vichwa kulika, mara nyingi kosa ni biti ya bisibisi. Misalaba iko ya aina mbili. PH ni msalaba mtupu. PZ ina vistari vinne vyembamba katikati ya mikono ya msalaba, na ukiinamisha skrubu kwenye mwanga unaviona. Zinaingiliana, ndiyo sababu watu hawajali, lakini PH ndani ya PZ inacheza, na ikicheza inakula kichwa. Skrubu nyeusi za jipsamu ni PH2. Skrubu nyingi za dhahabu za mbao ni PZ2.

Chaji saa nane?

Drili ya kwanza ya betri iliuzwa na Black & Decker mwaka 1961, ikitumia betri za nikeli na kadimiamu. (Wanaosimulia kwamba iliyoibuni ni NASA wamepindua habari, kampuni hiyo iliitwa baadaye kusaidia vifaa vya wanaanga. Wanaanga wa Apollo 15 walikwenda na drili ya betri mwezini mwaka 1971, ya kuzungusha na kupiga, na kamanda wao, Dave Scott, alihangaika nayo vibaya sana ardhini kule, kwa hiyo jirani yangu ana mwenzake.) Masharti mengi tunayorithishana yanatoka enzi za nikeli: maliza chaji yote kwanza, ichaji saa nane siku ya kwanza. Lithiamu haina habari hizo. Chomeka ikiwa nusu, chomoa ikiwa robo tatu, haijali. Inachochukia ni kuachwa tupu miezi mitatu kabatini, na joto. Betri iliyosahaulika juu ya dashibodi ya gari saa saba mchana Dar es Salaam inazeeka kuliko iliyofanya kazi wiki nzima. Na ikitoka kazini ya moto, iache ipoe kabla ya kuichomeka.

Usalama nitaupitia haraka. Vaa miwani, usivae glovu za kitambaa karibu na mdomo unaozunguka, kishike unachotoboa kwa jiliwa au kibano na si kwa goti. Usitoboe juu au chini ya swichi na soketi kwa mstari wima, nyaya hupita humo.

Mashine ya nyundo tuliipata kwa fundi umeme wa mtaa wa pili. Kila tundu lilichukua sekunde zisizofika kumi, unga wa kijivu ukimwagika kwenye gazeti tulilobandika chini. Tukasukumia plagi za plastiki, zile wanazoziita fisha, halafu nikamrudishia drili yake ya 128. Akaiweka gia 1, klachi kwenye 7. Skrubu ya kwanza ikaingia, ikakaa, krrr. Akanitazama akicheka. Akafunga zote 24 bila kubadilisha betri.

Tukapachika bomba la kwanza, tukarudi nyuma kuangalia kazi. Mkewe akachungulia kutoka jikoni.

"Limeinama kushoto," akasema. "Pimamaji mmepeleka wapi?"